Minazi ya Dada Yangu Nadhira

Chinokole, 12 Machi 2023

Mama yangu mpendwa Mwanamisi,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mguu wako na duka na majirani wote wa stendi ya Kayanga. Mimi sijambo, isipokuwa joto la huku linanipika nikiwa nimevaa shati. Naandika kwa sababu ulisema simu ni ya kuulizia bei ya sukari, habari za watu zinaandikwa. Tena kazini kwetu simu tunaziacha getini kwa sababu ya gesi.

Mama mkubwa Nadhira amenipokea kama mtoto aliyepotea akarudi. Nilipomwambia mimi ndiye Mutabazi wa Ihanda, niliyekaa kwako miaka yote ya sekondari, alinishika mashavu mbele za watu. Nimepewa chumba cha uani. Wali wa nazi, samaki wa nazi, maharage ya nazi. Nimenenepa, lakini nimeanza kuota matoke.

Ulitaka kujua kazi yenyewe. Gesi ya hapa ni ya siku nyingi. Visima vilichimbwa kabla sijazaliwa, vilipochoka kampuni ya kwanza ikaviacha na kwenda zake. Sasa wamekuja wageni wengine kutoka ng'ambo. Wanasema chini bado kuna gesi nyingi, ila inataka mitambo mipya. Wanavisafisha visima vya zamani na kuchoronga vingine kando yake, kwa hiyo wanahitaji ardhi zaidi. Kazi yangu ni kupima mashamba na kuandika wenyewe, walipwe kabla tingatinga halijapita.

Msalimie mama yangu Mukandekezi akija gulioni.

Mwanao,
Mutabazi


Kayanga, 2 Aprili 2023

Mwanangu Mutabazi,

Marhaba. Mguu unauma mvua ikikaribia, kwa hiyo mwezi huu unauma kila siku. Duka linakwenda. Mama yako alikuja na ndizi zake, nikamsomea barua yako mara mbili, akataka ya tatu nikamwambia aninunulie miwani kwanza. Baba yako Mbonimpa anasema usile samaki usiku. Sijui kaitoa wapi hiyo, mtu wa Ihanda ambaye samaki anamwona amekauka.

Nimefurahi umenenepa. Ulitoka hapa shingo kama ya kuku wa kienyeji.

Sasa nisikilize. Dada yangu hakujaaliwa mtoto. Alicho nacho ni minazi aliyoachiwa na mama yetu, ile iliyo karibu na kisima cha zamani. Ndiyo inayomlisha na kumvisha. Mimi sehemu yangu nilimwachia siku nilipoolewa huku bara, kwa sababu nazi za Chinokole zisingenifuata mpaka Kayanga. Hao wageni wako wanapotanua mambo yao, wewe uwe macho yake. Sikukupeleka kwake ule tu.

Mama yako,
Mwanamisi


Chinokole, 9 Mei 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Pole na mguu. Huku hatujambo, mama mkubwa anakusalimu, yuko uani anakuna nazi.

Ondoa wasiwasi. Nimelifuatilia lile jambo mwenyewe. Nilimwuliza mama mkubwa ardhi yake iko wapi, akanionyesha hapa nyuma ya nyumba, penye mihogo. Haimo kwenye mpango. Kule kwenye kisima cha zamani ardhi yote ni ya Mzee Abdulrahim. Alinitembeza mipaka yake, majirani wakakubali, hakuna aliyepinga. Nimeandika, amelipwa, yamekwisha.

Bosi amenisifu mbele ya wenzangu. Anasema nafanya kazi haraka kuliko wapimaji wote aliowahi kuwa nao. Nimefurahi, nisikufiche.

Mwanao,
Mutabazi


Kayanga, 26 Mei 2023

Mutabazi,

Sikuulizi hali.

Barua yako ya kunituliza ilikuja na basi, nikaiweka chini ya mzani niisome nikifunga duka. Kabla sijafunga, dada yangu akanipigia. Hakusalimia. Alisema tingatinga limelaza minazi ya mama kuanzia kwenye kisima mpaka njia ya msikitini, na vijana wenye kofia za manjano wanakunywa madafu ya miti iliyolala. Aliwauliza nani kawaruhusu. Wakamjibu, mwulize mpangaji wako.

Ndipo nikaifungua barua yako. Ardhi yote ni ya Mzee Abdulrahim. Ndiyo, ni yake. Nani kakataa? Ardhi ni ya Abdulrahim na minazi ni ya mama yangu. Baba yake Abdulrahim alimpa mama yangu ruhusa ya kupanda, mama akapanda, akamwagilia, akatuzaa na kutulea kwa minazi hiyo. Huko kwetu kila mtu anajua udongo unaweza kuwa wa huyu na mti wa yule, watu wanarithi miti na wanauza miti na ardhi haijatikisika. Mtoto wa chuoni anayejifunza alifu anajua. Wewe umekaa pale miezi, umekula nazi asubuhi na jioni, hukujiuliza hata siku moja zinaangushwa kutoka mti gani?

Umemwuliza mwanamke mzee ardhi yake iko wapi, akakujibu ulichomwuliza. Hukumwuliza ana nini. Ulikuwa na haraka ya kusifiwa.

Na huyo Abdulrahim aliyepokea malipo ya miti isiyo yake akanyamaza, nitamfikia kwa barua yake. Yeye hakulelewa na mimi.

Mwanamisi


Kambini, Chinokole, 11 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Nimehamia kambi ya kampuni. Mama mkubwa aliweka begi langu barazani na kufunga mlango. Nilibisha, hakufungua.

Barua yako imeniumiza, lakini na mimi nina la kusema. Nimezaliwa Ihanda. Kwetu kibanja ni kimoja. Migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee, vyote ni vya mwenye kibanja. Hujawahi kusikia mtu wa Ihanda akiambiwa hii ardhi ni yako ila ule mgomba ni wa jirani. Ningejuaje? Ulisema minazi iliyo karibu na kisima. Ningejuaje iko ndani ya shamba la mtu mwingine? Na mbona Mzee Abdulrahim hakusema? Mbona majirani hawakusema? Niliwauliza mipaka, wakanionyesha mipaka.

Nilikwenda kwa bosi nikamweleza. Alinisikiliza huku anasoma kompyuta yake. Akasema mwenye ardhi amesaini, habari za nani alipanda nini ni zao wenyewe.

Kuna minazi ya mama mkubwa mingine imebaki, ng'ambo ya bomba la gesi. Wanataka kuipitishia tingatinga kiangazi hiki kwa ajili ya kisima kipya. Mama mkubwa amekwenda baraza la ardhi kuzuia. Kampuni imenitaja mimi niwe shahidi wa upande wao, niseme ardhi na vilivyomo ni vya Abdulrahim kama nilivyoandika. Nikisema vingine nafukuzwa. Unajua wadogo zangu wanasoma kwa mshahara huu. Mama, mimi nitasema nilichoandika. Usinihukumu.

Mwanao,
Mutabazi


Kayanga, 25 Juni 2023

Mutabazi,

Nimekwenda Ihanda. Na mguu huu, kwa bodaboda, kwenye tope. Nilitaka wazazi wako wanisikie mimi kabla hawajasikia kwa wapita njia.

Mama yako alilia. Sikumbembeleza, nilikuwa na hasira na kila mtu anayeitwa kwa jina lenu. Baba yako alikuwa anapogolea migomba, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kisu. Nikamsomea na yale maneno yako, kwetu kibanja ni kimoja. Hapo akaacha. Akaomba nirudie. Nikarudia.

Akakaa chini kwenye majani, akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote niliyowajua sikuwahi kulisikia. Kibanja cha Ihanda amekinunua yeye. Baba yake, babu yako Tuyizere, alipovuka kutoka Rwanda kuja kutafuta kazi, alipewa mahali pa kupanda, huko Nyakasimbi, kwenye ardhi ya bwana mmoja. Palikuwa pori. Akafyeka, akapanda migomba na kahawa, akapeleka kwa bwana fungu lake kila msimu. Kahawa ilipokolea, bwana akamwambia ondoka. Babu akauliza, na kahawa yangu? Akajibiwa kibanja ni kimoja, vilivyo juu yake ni vya mwenye ardhi. Alitoka na jembe, mke, na baba yako mgongoni.

Nilimwuliza mbona hukumwambia mwanao. Akasema aliona aibu. Mtu hapendi watoto wake wajue walifukuzwa.

Kisha akaniambia niandike hivi, na ninaandika kama alivyosema: "Mwambie Mutabazi baba yangu alifukuzwa na mtu mwenye maneno kama hayo yake. Aende akaseme anavyotaka. Ila asiseme ndivyo ilivyo kwetu. Sisi hatukuwa hao. Sisi tulikuwa huyo mama."

Habari ya wadogo zako kusoma, baba yako amesema atauza ng'ombe. Kwa hiyo hilo nalo usilifanye kisingizio.

Mwanamisi


Chinokole, 20 Agosti 2023

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Baraza limekaa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Wakili wa kampuni alinisimamisha, akaniuliza nani mwenye shamba. Nikasema Mzee Abdulrahim. Akafurahi. Akaniuliza na vilivyomo? Nikasema minazi ni ya Bi Nadhira, aliachiwa na mama yake, na niliiandika kwa jina la mwingine kwa sababu sikuuliza. Akasema nimechanganyikiwa. Nikamwambia sijachanganyikiwa, nimekula nazi zake. Watu wakacheka, mama mkubwa hakucheka.

Mwenyekiti akamgeukia Mzee Abdulrahim, akamwuliza ni kweli? Mzee aliinama. Akasema ni kweli, miti ile hajawahi kuiangua hata nazi moja. Alidhani mzungu hatamlipa kabisa akisema shamba lina wenyewe wawili.

Minazi ya ng'ambo ya bomba wamezuiwa kuigusa. Ile iliyokatwa wameambiwa wamlipe mwenyewe, na kampuni imesema itakata rufaa. Jioni ile ile kadi yangu ilikataa kufungua geti. Bosi hakutoka. Alimtuma mlinzi aniletee nguo zangu kwenye mfuko wa simenti. Mama, nilikasirika pale getini. Watu wale watainyonya gesi mpaka tone la mwisho, kisha wataondoka kama wale wa kwanza, na watakuwa hawajui jina la mtu hata mmoja wa kijiji hiki. Na mimi ndiye niliyewafungulia mlango.

Nilikwenda kwa mama mkubwa kumwomba radhi. Alinisikiliza akiwa dirishani. Akasema, "Nimesikia," akafunga.

Nalala msikitini, barazani, imamu ameniruhusu ingawa mimi si Mwislamu. Nauli ninayo. Nataka kurudi nyumbani. Nipokee dukani hata kwa kubeba magunia. Sina mahali pengine.

Mwanao, kama bado,
Mutabazi


Kayanga, 3 Septemba 2023

Mwanangu Mutabazi,

Marhaba. Mguu haujambo kidogo. Baba yako na mama yako wazima, nimewasomea yote. Baba yako alikwenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliniuliza kama ulipata chakula siku ile. Nikasema sijui.

Ulichosema barazani ulipaswa kukisema, kwa hiyo sikushukuru. Hasira yangu haijaisha. Naamka nayo, nafungua duka nayo, wateja wanadhani sukari ndiyo imepanda.

Kuja Kayanga, hapana. Huku utabeba magunia, watu watakuonea huruma, baada ya mwaka utakuwa na kibanda chako cha simu pale stendi, na dada yangu atakuwa amebaki na visiki. Yeye ni mzee. Kiwanda cha gesi kinamngurumia mlangoni, na aliyekuwa akimwangulia nazi sasa anavaa kofia ya manjano. Hiyo minazi iliyobaki nani atamkwelea?

Nimezungumza naye. Sikumwomba akusamehe, hayo ni yake na Mungu wake. Nimemwuliza kama anahitaji mikono. Akasema penye mihogo panafaa miche.

Basi kaa hapo. Tafuta nazi za mbegu, zilaze, zikichipua uchimbe mashimo. Kabla ya kuchimba shimo la kwanza mwulize kila mtu aliye hai kijijini hapo pale ni pa nani na kilichopo ni cha nani. Jifunze kukwea. Ukianguka, utakwea tena. Mnazi unachukua miaka mingi kuzaa na mimi siwezi kuufupishia.

Nikisikia umepanda basi la kuja huku kabla dada yangu hajakuna nazi ya mti uliopanda wewe, usipite dukani kunisalimia. Hiyo shikamoo sitaiitikia.

Mama yako,
Mwanamisi