Mpira Hauliwi

Mtani wangu Swalehe,

Salamu kutoka Msamala. Wewe Myao wa Nalasi, mimi Mngoni wa hapa. Nani angedhani ni mimi nitakayebaki nikikuandikia, tena kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe barazani, ukinicheka kila nilipokosea?

Tangu homa ikuchukue kule kwenu, ulipokwenda kumtazama mama yako, mengi yamegeuka. Vita vimekwisha. Askari wa Mjerumani walichoma maghala kijiji baada ya kijiji, hata mbegu haikusalia. Watu wanachimba mizizi ya kula milimani Matogoro. Na ule mpira wa porini tulionunua pamoja kabla ya vita, yale madonge yaliyojaa stoo hadi juu, umeanguka bei. Kila msafara kutoka Kilwa ulileta habari mbaya kuliko uliotangulia: matajiri wa pwani hawautaki tena. Wenzetu wakaanza kuuza kwa hofu, na walivyozidi kuuza, bei ikazidi kuporomoka.

Mimi sikuuza. Nilishika neno lako: "Bei ikianguka, wewe usianguke nayo." Nikawa nakaa mlangoni mwa stoo kutwa nzima. Mara nageuza shingo nikuulize, "Unaonaje?" Halafu nakumbuka.

Asubuhi moja akaja mkeo Zuhura na watoto. Hakuketi. Hamisi, yule mwanenu mdogo, miguu ilikuwa imemvimba kwa njaa.

"Shemeji," akasema, "mpira hauliwi."

Nikamweleza kwamba bei itapanda, kwamba nusu ya mzigo ni haki ya watoto wako na siwezi kuitupa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Anayeweza kungoja bei ni aliyeshiba."

Swalehe, nilitamani uwepo, hata kama ungekuwa upande wake.

Nikauza yote kwa mwenye duka karibu na boma. Aliyapindua madonge kwa ncha ya kiatu, akataja bei ambayo sisi wawili tungeikataa na kuondoka bila kuaga. Nikapokea. Nikapanda milima ya Umatengo, ambako chakula kilikuwapo bado, nikanunua ulezi na maharage. Njia ile tulizoea kuipita tukibishana toka asubuhi. Safari hii nilisikia miguu yangu tu. Nilipika, nikajikuta nimepika cha wawili.

Niliporudi, mwenye duka alikuwa hanunui mpira tena kwa bei yoyote. Waliongoja wamebaki na madonge yao, yananuka. Kumbe nilikuwa nimewahi! Nikatoka mbio kuelekea kwako... nikafika hadi uani, nikasimama. Nilikuwa na habari njema, sina wa kumwambia. Zuhura alinikuta pale, akanipa kigoda, akaendelea kusaga ulezi.

Hamisi sasa anakimbia. Jana alianguka, akaamka akatukana kwa Kiyao. Ni wako kabisa.

Kesho wanaondoka. Eda imekwisha, na kaka yake Zuhura amekuja kuwachukua warudi Nalasi. Nimewafungia mbegu ya ulezi wakapande. Sikumwambia Zuhura abaki. Abaki kwa lipi hapa? Stoo ni tupu, nikikohoa sauti inanirudia mwenyewe.

Barua hii nimempa kaka yake akusomee kaburini. Mwambie asiruke maneno.

Lala salama, mtani. Siku ulipozikwa hakukuwa na Mngoni hata mmoja wa kukutania, na hilo linaniuma kuliko mzigo wote. Mvua zikikatika nitakuja Nalasi kwa miguu yangu. Nitasimama juu ya kaburi lako nikutukane mbele ya ndugu zako wote, wewe na ubahili wako na masikio yako makubwa. Usiponijibu, hapo ndipo nitaamini kwamba kweli umekufa.

Mimi mtani wako,
Komba