Matanga ya Mchana Malindi

Shangazi yangu wa kijijini Lobule,

Huku Malindi sote tu wazima, ila mimi kichwa kimenivurugika. Wamisionari Wazungu ninaofanya nao kazi walinileta kupumzika, na kupumzika kwao sijakuelewa.

Jana baada ya chai nilishuka ufukweni, nikawakuta wote wamelala juani kwenye mikeka, kimya, vitambaa usoni. Shangazi, jua la Januari kwetu hata mbuzi hulikimbia. Nikajua ni msiba tu. Nikafunga kitenge kiunoni, nikavua ndala, nikaketi mchangani karibu na Mama Helga, nikaanza kulia kwa sauti kama tunavyolia nyumbani.

Akaondoa kitambaa. Unajua Kiswahili chake, alichokiokota kwenye soko letu la Arua. "Unalia nini? Hakuna mutu amekufa. Sisi iko napumzika tu. Kwetu sasa iko baridi, jua hakuna."

Nikajifuta machozi kwa aibu. Mara yeye ndiye akaanza kulia. Akasema mama yake alizikwa kwao mwezi uliopita, kwenye baridi hiyohiyo, na hakumwambia mtu. Shangazi, Krismasi alikula kuku wako akicheka, kumbe mama yake yuko kaburini.

Tukalia wote wawili. Wale wengine wakatutazama, hawajui waamke au waendelee kulala. Mpaka sasa sijui kama nilikosea.

Mungu akutunzie magoti yako. Tukirudi nitamleta Mama Helga kwako. Tandika mkeka wa matanga nje, usimwulize kitu.

Mwanao,
Poni