Kichwa Kimeziba Upande wa Nyekundu

Jumatatu, 6 Julai

Nimeosha miguu, nimewasha printa. Maharagwe yote yako ndani, sasa kazi ya mezani. Kadi za harusi ya Neema. Mtoto wangu wa pekee, harusi ni tarehe 25, na kadi hata moja haijatoka.

Nimechapa ya kujaribu, yenye picha yake na mchumba wake Eliya. Imetoka kijani. Neema kijani kama majani ya sombe. Eliya kijani mpaka meno.

Nyekundu haitoki kabisa. Sikuhitaji kuambiwa: kichwa cha printa kimeziba. Imekaa wakati wote wa mavuno bila kazi, na vumbi la huku halina adabu. Nilimwambia Baba Neema aifunike. Alifunika redio.

Jumanne, 7 Julai

Nimeosha kichwa kwa kompyuta. Unabonyeza, printa inanguruma, inakunywa wino, inatoa ukurasa wa mistari. Nyeusi ipo. Bluu ipo. Manjano ipo. Nyekundu, hakuna hata alama.

Nimeosha tena. Na tena. Wino unashuka kwenye tangi na mimi napanda hasira.

Neema amesema tukachapishe kwa yule kijana wa karibu na soko. Nimemwuliza kama ana akili timamu. Watu wa Base Camp, hapa kambini kwa wakimbizi, wanaoana kwa kadi zangu na kuzikwa kwa programu zangu. Leo kadi ya binti yangu ichapwe na mtu mwingine? Afadhali tualike watu kwa mdomo.

Nimeipiga printa kofi. Si dawa.

Jumatano, 8 Julai

Kijani.

Baba Neema amepita, ametazama picha ya mtoto wake muda mrefu. "Iko na homa," akasema. Akarudi kwenye redio. Sijacheka.

Alhamisi, 9 Julai

Nimekwenda Mbarara, mjini. Nimefungua skrubu, nimetoa kichwa peke yake, nimekifunga kwa kitambaa na kukiweka kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko. Njia nzima nimekipakata.

Hajji Twaha, fundi, anaongea Kiswahili cha kijeshi ingawa sidhani kama amewahi kushika bunduki. Amekimulika kwa tochi. "Nyabo," akaniita kwa heshima ya huku, "hii haijakufa. Wino imekauka ndani." Akikitengeneza yeye, kitakaa foleni mpaka harusi ipite. Kwa hiyo amenifundisha. Kwanza maji ya betri, yale ya kuongeza. "Asidi hapana! Asidi ikiingia, kwisha." Kilale ndani yake, kisha nisukume maji kwa sindano, polepole. "Ukisukuma na hasira, inapasuka."

Akanitazama. "Nyabo, kwa nyumba yako, nani hana hasira?"

Nikasema mume wangu. Lakini huyo hata haraka hana.

Akaongeza kwamba kikipona nisikiache kulala tena. Kila wiki nichape hata picha moja, wino utembee.

Kwao Eliya ni Kakiika, pale pale mjini. Sikupita. Ningeulizwa kadi.

Ijumaa, 10 Julai

Nimekilaza kichwa kwenye sahani. Mdomo tu ndani ya maji, sehemu ya umeme ikae kavu. Maji yamegeuka rangi ya waridi kidogo. Matumaini.

Jioni wamekuja akina mama wa maombi. Mama Shukuru, jirani yangu na kiongozi wao, mbele kabisa, na uji kwenye ndoo. "Tulisikia kichwa imeziba," akasema, "tukaona hatuwezi kukuacha weye moya." Wakanizunguka, wakaniwekea mikono. "Fungula, Bwana! Fungula fasi yote yenye kuziba!"

Nimeguswa sana. Watu kuacha vyungu vyao motoni waje kuombea printa! Nikasema amina kuwashinda wote.

Kitu kimoja sijaelewa. Mikono waliiweka juu ya kichwa changu. Nikawaambia wazi: kichwa kiko chumbani, kwenye sahani, kama wanataka kukiona.

Hawakutaka. Wameondoka haraka, na ndoo wameisahau.

Jumamosi, 11 Julai

Mama Eliya amepiga simu. Mama mkwe mtarajiwa wa Neema, anauza vitenge, mtu mpole. Ameuliza kichwa kinaendeleaje. Nikafurahi, kumbe Neema amewaeleza. Nikampa habari kamili.

"Imeziba upande wa nyekundu tu. Nyeusi na bluu zinatoka muzuri. Imelala ndani ya maji ya betri. Hii wiki nitaidunga sindano."

Yeye akasema, "Eh, Yesu wangu." Simu ikakatika.

Mtandao wa huku unachosha.

Jumapili, 12 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Kanisani mchungaji ameniita mbele. Ameomba kanisa lisimame kwa ajili ya dada yetu mpendwa ambaye akili imemruka wiki chache kabla ya harusi ya mtoto. Nikageuka kumtafuta huyo dada. Hakuna mwingine aliyekuwa mbele.

Nimeyapata yote kutoka kwa Mama Shukuru, nyuma ya kanisa, nikiwa nimemshika mkono asikimbie. Alhamisi alikuja nyumbani kutaka picha ya kitambulisho. Baba Neema akamjibu: "Mama Neema hayuko. Kichwa imeziba. Tangu juzi anaiosha, haifunguke. Amepeleka Mbarara." Basi. Mbarara kuna hospitali kubwa. Mama Shukuru akamalizia mwenyewe. Na dada yake Mama Shukuru ana kibanda Kakiika, jirani na Mama Eliya.

Jumamosi ile simu. Nyekundu. Sindano. Mungu wangu.

Nimemwuliza Baba Neema aliwezaje kusema maneno yale. "Nilisema kweli tupu," akasema. Na ndivyo. Miaka yote hii ya ndoa hazungumzi, siku anayofungua mdomo anavunja harusi.

Jumatatu, 13 Julai

Nimempigia Mama Eliya. Nimemwambia mimi ni mzima, kichwa ni cha printa. Nimesema kwa utulivu. Labda si utulivu sana.

"Eee, njo vile, mama," akasema kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Ni ya printa. Pumzika."

Eliya naye amejaribu kuwaeleza kwao. Wanasema anaficha kwa sababu ya mapenzi.

Sasa lililo baya. Eliya hana baba. Neno la mwisho kwao ni la shangazi yake, Tantine Odeta, aliyekuwa muuguzi Uvira. Tantine amesema ugonjwa wa akili unatembea kwenye ukoo. Hakuna harusi mpaka amwone mama wa bibi harusi kwa macho yake. Wanakuja Jumatano, yeye na Mama Eliya.

Neema amelia mpaka amelala. Mimi ninayemkaripia kwa kila kitu nimemfunika shuka, basi. Ninaogopa. Mtoto akikataliwa kwa ajili ya kichwa changu, nitaishije naye humu ndani?

Jumanne, 14 Julai

Nimefagia uwanja, nikafagia tena. Ninapanga maneno ya kuwaambia. Makali. Nimeyarudia wakati wa kupepeta mchele, mpaka Baba Neema ameuliza nazungumza na nani. Nikakumbuka kwamba wenye wazimu ndivyo wanavyofanya. Nikanyamaza.

Sindano nimeishika. Nimekumbuka maneno ya Hajji. Nimeiweka chini.

Jumatano, 15 Julai

Niliwategemea mchana. Nikasema asubuhi nimalize kazi, wakute kadi mezani, kila mtu anyamaze.

Nilisukuma sindano na hasira. Najua. Niliambiwa. Kampira kanakounganisha sindano na kichwa kakachomoka, maji ya wino yakaruka. Usoni, kwenye kilemba, ukutani. Mekundu yote. Nikatoa neno ambalo siliandiki hapa.

Hodi.

Hivyo ndivyo Tantine Odeta alivyonikuta. Sindano mkononi, uso unatiririka nyekundu, nikitukana sahani.

Hakupiga kelele. Amenitoa chumbani, akanikalisha, akatoa kipimo kwenye mkoba wake na kunipima presha kabla hata ya salamu. Juu. Ingekuwaje chini? Akaniuliza leo ni siku gani. Akaniuliza jina la mume wangu. Nikamjibu kwamba kwa sasa sitaki kulitaja. Baba Neema alikuwa mlangoni, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni haki.

Ni yeye aliyetuokoa, lazima niandike. Ameingia chumbani. Amerudi na picha ya kijani mkono mmoja na sahani mkono wa pili, akavitua mbele ya Tantine. "Kichwa yenyewe ni hii," akasema.

Tantine akatazama picha. Akatazama sahani. Akanitazama mimi. Midomo ikaanza kumcheza, kisha akacheka mpaka kipimo kikaanguka. "Tumepanda gari yote hii kuja kutazama printa!" Alipopata pumzi akaingia chumbani, akapandisha mikono ya nguo. "Leta seringi. Miye nimedunga batoto mingi kuliko weye kuchapa makaratasi."

Ana mkono ule Hajji aliosema. Alisukuma tone, akangoja. Tone, akangoja. Alikuwa anakisemesha kama mgonjwa, pole, pole, inapita. Nyekundu ya zamani ikatoka nzito, halafu nyepesi, halafu maji safi. "Mushipa imefunguka," akasema.

Wakati wote huo Mama Eliya alikuwa amekaa mkekani na mfuko mkubwa. Ndani kulikuwa na maziwa kutoka Bwizibwera na blanketi. Nikamwuliza blanketi la nini, kwa ile sauti yangu niliyoiandaa tangu jana.

Akaona haya. "Nilisema kama uko mugonjwa, nitabakia hapa. Nitakupikia mpaka siku ya harusi. Neema atakuja kwetu tu, Odeta akatae ao akubali. Mama yake ni mama yake, hata akiwa wazimu."

Maneno yangu makali yote yalikuwa tayari. Badala yake nililia mbele ya watu, na wino ukanishukia upya. Tantine akarudi kunipima.

Alhamisi, 16 Julai

Kichwa kimekauka usiku kucha. Nimekirudisha. Skrubu. Nimebonyeza na kufumba macho.

Mistari yote.

Kisha kadi. Neema ametoka kahawia, rangi yake, ile niliyompokea nayo siku anazaliwa. Eliya ana meno meupe. Tumechapa mpaka karatasi zikaisha. Wageni wetu walilala hapa. Tantine alikuwa anakunja kadi na kuimba. Blanketi nimeazimwa mimi, nikalala vizuri.

Kadi ya kwanza nimeipeleka kwa Mama Shukuru, pamoja na ndoo yake. Ameisoma yote, halafu akainua mikono: "Munaona maombi!" Nimeuma meno.

Jumapili, 26 Julai

Harusi imepita. Nimecheza mpaka goti limekataa. Mchungaji amemshukuru Mungu kwa kunirudishia akili, na watu wamepiga makofi. Nimeamua kuliacha hilo. Kuna watu watakufa wakiamini niliponywa.

Neema amekwenda Kakiika. Wakati wa kuondoka alinikumbatia na kuniambia nisigombane na baba. Nikamwambia tangu lini mimi ninagombana.

Nyumba imekuwa kubwa.

Jumapili, 2 Agosti

Nimekumbuka agizo la Hajji. Kila wiki picha moja, wino utembee. Nimetafuta cha kuchapa. Ningeweza kuchapa chochote. Nimechapa Neema. Nyekundu ipo.

Nimeibandika ukutani, juu ya doa la wino lililokataa kutoka. Nimemwambia Baba Neema kwamba ni kwa ajili ya kichwa. Ameitazama, akarudi kwenye redio.

Jumapili, 9 Agosti

Nimetoka kanisani, nimevua viatu, nimekwenda kwenye printa kwa ile picha ya wiki. Kitambaa cha redio kilikuwa juu yake, kimekunjwa pembe zote. Redio imebaki wazi na vumbi lake.

Nimeinua kitambaa. Kwenye trei kulikuwa na Neema, tayari amechapwa. Rangi zote.

Baba Neema yuko nje na hiyo redio, anasikiliza habari. Hajageuka. Nimebandika picha karibu na ile nyingine, nikampelekea chai.

Tumekaa.

"Kichwa inaendelea je?" ameuliza.

Nimesema inaendelea vizuri.