Vizibo Kumi na Kimoja

4 Machi
Baba, shikamoo. Sisi wazima, mgongo wako je?
Mjukuu wako, yule unayemwita Mkaguzi, amepata shule inayopokea watoto wenye usonji. Ila darasa liko juu, ngazi kumi na mbili, na lazima azipande mwenyewe ifikapo tarehe 5 Mei. Leo hata kizingiti anakivuka kwa kunishika sketi. Mtaalamu wa mazoezi anataka atembee juu ya ubao, ajifunze kujisawazisha: urefu mita mbili, upana sentimita kumi na tano. Seremala ni wewe. Usipake vanishi.
Mwanao

15 Machi
Mwanangu, marahaba. Mgongo unalalamika, ila haujaacha kazi.
Ubao unakuja na dereva wa lori. Nimeupiga vanishi mara tatu. Kitu changu hakitoki karakanani uchi.
Baba yako

29 Machi
Baba, shikamoo. Umeamkaje? Nanakili kutoka shajara yangu.
Tarehe 20: Mkaguzi amepanda, ameteleza.
Tarehe 21: nimepanda mimi, nimeteleza.
Tarehe 22: mtaalamu amepanda kutuonyesha. Kiwiko chake kinaendelea vizuri.
Tangu hapo mtoto haukanyagi. Anapanga vizibo vya soda juu yake tu, na nikivigusa anavirudisha palepale. Zimebaki wiki tano. Njoo na msasa.
Mwanao

12 Aprili
Mwanangu, nimefika nyumbani salama, isipokuwa makalio. Ndiyo, nilikataa kupiga msasa mpaka nilipoteleza mwenyewe. Na mlicheka, nilisikia.
Sasa sikiliza. Ulipokuwa sokoni nilipima vile vizibo. Kutoka kimoja hadi kingine, sentimita kumi na nane. Nikapima unyayo wake: kumi na nane. Nikaokota cha kwanza, akakanyaga pale pale. Nilipoinamia cha pili akanichapa mkono. "Babu, kazi yangu." Akaviokota vyote hadi mwisho wa ubao, bila kushika kitu.
Vipange kwenye ngazi.
Baba yako

5 Mei
Baba, shikamoo. Natumaini sasa unakaa bila mto.
Nilipanga vizibo asubuhi, mwalimu mkuu akasimama juu kungoja. Mkaguzi akapanda, anaokota, anatia mfukoni. Sketi yangu hakuitazama. Ngazi ya kumi na moja akasimama kama mlingoti. Vizibo ni kumi na kimoja, Baba. Ya juu kabisa niliiacha tupu, nikidhani moja si neno.
"Moja tu, mwanangu, njoo," mwalimu mkuu akambembeleza. Foleni ya watoto nyuma yake. Nikainua mguu nimfuate, mwalimu akatikisa kichwa.
Mkaguzi akatoa kizibo mfukoni, akakiweka ngazi ya kumi na mbili, akakitazama vizuri, akakiokota. Akapanda.
Nimelia mbele za watu.
Nakuandikia nimekaa ngazi ya chini, saa nane mchana, wakati tungekuwa tumeshafika nyumbani. Mwalimu mkuu yuko magotini, anapanga vizibo vya kushukia kwa mara ya nne. Mkaguzi hajaridhika.
Mwanao