Beringi ya Pijo la Baba

Kambu,
9 Agosti 1986

Dada Mutindi,

Natangaza rasmi, na nyumba yote isimame ukisoma: yule kuku mwekundu ameangua vifaranga ndani ya sanduku langu la spana. Sasa ndiye fundi mkuu hapa gereji. Mimi namwomba ruhusa nichukue nyundo. Mengine ni ya kawaida. Nakula, nalala, magoti yanalia nikiinama. Nyinyi huko Voi hamjambo? Shemeji Kiilu bado anakoroma?

Ulipokuja mazishini hukuniuliza habari za lile Pijo, gari la Baba lililokuwa limeharibika, nami nilishukuru. Unajua Baba alitaka nimpeleke Kanyangi wapatane na ndugu yake Kivuva, na gari la mtu mwingine alilikataa katakata. Alisema Kivuva lazima amwone akishuka kwa gari lake, asije akadhani ameletwa kuombaomba.

Basi nikalitengeneza, ikabaki beringi ya gurudumu la mbele. Ilikuwa inabana mno, na ukiigonga kwa nguvu inapasuka. Nikamwomba Abdow wa duka la soda aniwekee kwenye barafu, akacheka kwamba tangu azaliwe hajaona chuma kikipewa kinywaji baridi. Habu yenyewe, pale beringi inapokaa, niliichemsha katika mafuta ya injini. Joto linaitanua, baridi inaipunguza beringi, halafu unaingiza mara moja. Ukisitasita tu zinagawana joto, inakwama katikati, haiingii wala haitoki. Baba alikuwa amekaa kitini nyuma yangu, akinitania kwamba kwa tumbo hili ningefaa zaidi upishi.

Kanisani ulinisikia nikisema alifariki kitandani, baada ya sala. Mpaka Kalondu wa kwaya akaitikia amina. Sivyo, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu. Beringi ilikuwa mkononi, habu inafuka moshi, nikasikia ananiita. Nikamwambia ngoja kidogo, Baba. Akaniita tena, kwa sauti ya chini. Sikugeuka. Niliingiza beringi, ikateleza ikakaa vizuri sana, nikaipangusa, ndipo nikageuka nimwonyeshe. Kichwa kilikuwa kimelalia bega.

Sijalia bado. Nangoja, hakuna kitu. Gari linatembea bila kelele. Kivuva anadhani Baba alikufa amemnunia, kwa hiyo Jumamosi ijayo nitaliendesha hadi Kanyangi nimweleze lilikuwa linatengenezwa kwenda wapi. Nimeona wewe ujue kwanza.

Salamu kwa wote wanaokula kwenye sufuria yako.

Ni mimi kaka yako,
Ndolo