Uzi Mweusi Ndani ya Mashine ya Kijivu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bagamoyo

Jina: Abdulwahab Shuaibu Mosi
Umri: Miaka 67
Dini: Mwislamu
Kazi: Muuza vitabu mstaafu
Makazi: Muscat, Oman. Kwa sasa amepanga chumba Zinga.

Leo ni Jumatano, tarehe 12 Februari 2025. Niliondoka Bagamoyo Februari 1992, kwa hiyo ni miaka thelathini na mitatu. Nimeonywa kuwa nikisema uongo naweza kushitakiwa. Nimekubali, na naomba onyo hilohilo asomewe mdogo wangu, Maulidi Shuaibu.

Nilizaliwa Dunda, katika nyumba ya mama yangu, Bi. Mwanabaraka, aliyekuwa msusi wa majamvi. Siku ya safari alinifunga mkononi uzi mweusi wenye mafundo matatu, akausomea. Sikuuvua mpaka ulipokatika wenyewe.

Mwaka 1994, katika soko la Matrah, nilinunua mashine ya mchezo ya mkononi, Game Boy ya toleo la kwanza, iliyokwisha kutumika. Naomba niieleze vizuri kwa sababu ndiyo kielelezo. Ni ya kijivu, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, na inatumia betri nne ndogo. Kioo chake ni cha rangi ya majani yaliyokauka na hakina taa, hivyo mchezaji lazima atafute mwanga, kama msomaji. Vitufe viwili ni vya rangi ya zambarau. Ukiiwasha, jina la kiwanda hushuka taratibu kutoka juu, kisha hulia mlio mmoja mdogo. Nimemiliki nyingine nyingi tangu hapo, zenye rangi na taa. Sijapata iliyotengenezwa kwa akili kama ile. Inaanguka sakafuni, unaiokota, unaendelea.

Ile niliyonunua ilikuwa na kasoro inayojulikana kwa wapenzi wa mashine hizi: mistari ya wima ilipotea kwenye kioo. Niliifungua, nikapitisha ncha ya chuma cha moto juu ya utepe ulio chini ya kioo, mistari ikarudi. Kabla ya kuifunga nilichukua ule uzi wa mama, nikaufunga kwenye nyaya mbili za spika. Sikumwambia mtu. Nilitaka dua yake irudi nyumbani kwake.

Niliituma kwa msafiri, pamoja na kaseti ya mchezo wa matofali yanayoanguka. Ilikuwa zawadi ya watoto wa nyumbani, lakini mama aliinyakua. Kifuniko cha betri kilikuwa kimepotea, naye akakisuka kingine kwa ukili. Aliniambia kwa simu ya jirani: "Hii ni kama jamvi, mwanangu. Ila jamvi ukikosea unafumua. Humu hakuna kufumua."

Sikuweza kurudi kumwona. Pasi yangu ya kusafiria ilibaki kwa tajiri wangu wa kwanza, akanikatalia. Jirani mwenye simu alipohama, salamu zangu kwa mama zilipitia kwa Maulidi tu. Mwaka 2010 Maulidi alinipigia simu mwenyewe, akasema mama amefariki. Alilia. Mimi pia nililia, nikamshukuru kwa kumzika. Nilipopata pasi mpya sikuona tena wa kumwendea.

Mwezi Desemba mwaka jana, katika kundi la mtandaoni la wapenzi wa mashine za zamani, binti mmoja aliweka picha na kuandika: "Nimeipata kwenye vitu vya marehemu mjomba wangu Abdulwahab. Nani anajua inatumia betri gani?" Nilikiona kifuniko cha ukili. Kwa kuwa yule marehemu ni mimi, nilimjibu kuhusu betri, kisha nikampigia.

Binti huyo ni Samia, mtoto wa marehemu dada yangu Ashatu. Alinieleza kwamba mwaka 2009 Maulidi aliwatangazia watu kuwa nimefia Muscat. Nilisomewa hitima. Siku ya arobaini vitu vyangu viligawiwa kwa desturi yetu: kanzu zangu kwa jirani, vitabu msikitini, na mashine, kwa kuwa niliituma mimi, alipewa Samia. Maulidi angekuwa mwizi mwerevu angeitupa baharini. Lakini alitaka mgawo uonekane umekamilika. Mama alipofariki mwaka uliofuata, Maulidi alikula kiapo mahakamani kuwa mimi nimeshakufa, akarithi nyumba. Wakati huo ndipo aliponipigia simu.

Jumatatu tarehe 10, saa nne asubuhi, nilifika Dunda. Maulidi alikuwa barazani akicheza bao na jirani yake, Bilali. Nilitoa salamu.

Maulidi alisema, "Bwana mkubwa, umepotea nyumba."

Nikasema, "Maulidi, mimi kaka yako."

"Kaka yangu nilishakula pilau la hitima yake."

Bilali akacheka, "Na lilikuwa na nyama! Basi huyu ni mzuka, Maulidi. Mchomee ubani aende zake."

Nilitoa pasi yangu. Maulidi hakuishika. Alisema, "Majina yananunuliwa Kariakoo, mzee." Kisha akapiga simu kituoni kwamba kuna tapeli amevamia nyumba yake. Nilikaa barazani kumsubiri askari. Nilitaka aje.

Hapa kituoni, mbele ya Sajenti Swaumu, Maulidi alirudia kwamba hanijui. Samia aliileta mashine. Nilimwomba Sajenti aandike kwanza maneno yangu: kwamba ndani, kwenye nyaya za spika, kuna uzi mweusi wenye mafundo matatu. Maulidi alisema, "Uzi kwenye redio? Mpelekeni akapimwe."

Mashine hii haifunguki kwa bisibisi ya kawaida. Skrubu zake zina vichwa vya mabawa matatu, na sita zote zilikuwa hazijaguswa tangu nilipozifunga mimi. Kwa kuwa sikuruhusiwa kushika kielelezo, nilimwelekeza Sajenti: ayeyushe kitako cha kalamu ya plastiki kwa kiberiti cha gesi, akibandike kwenye skrubu kikiwa laini, asubiri kipoe, azungushe. Kalamu tatu ziliharibika. Skrubu zilitoka. Uzi ulikuwepo.

Bilali, aliyekuwa amemfuata Maulidi kituoni, alikuwa wa kwanza kusema. Alisema, "Astaghafirullah, Maulidi. Umenilisha pilau la hitima ya mtu aliye hai."

Maulidi alinishika mkono. "Kaka, ni shetani tu. Mimi ndiye niliyebaki na mama. Tukayamalize nyumbani."

Nilimwambia, "Ulinisomea hitima. Maiti hasamehi."

Wazee wawili wa msikitini walikuja jana kuniomba nifute shauri, wakisema nyumba nitarudishiwa. Niliwapa shikamoo zao na nikakataa. Sikuja kwa ajili ya nyumba. Samia ameniambia kuwa bibi yake alicheza matofali kila siku baada ya alasiri, mpaka siku Maulidi alipompelekea habari ya kifo changu. Siku ile aliizima. Hakuiwasha tena. Kaseti ya mchezo ule haitunzi kumbukumbu. Ukizima, alama zote zinafutika. Sitajua kamwe mama alifikia wapi. Maulidi aliketi naye mwaka mzima, akamtazama akiniombolezea, namba yangu ikiwa kwenye simu yake.

Kwa hilo nataka ashitakiwe, na asimame kizimbani mbele ya wale wote waliokula pilau lile. Nyumba apewe Samia.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, nikiwa hai na mwenye akili timamu. Nitafika mahakamani kila nitakapoitwa. Siku hukumu itakaposomwa nitaondoka. Bagamoyo sitarudi.

Sahihi ya shahidi: A. S. Mosi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Swaumu, leo saa 8:20 mchana. Shahidi amesomewa, amesahihisha jina la soko, amekubali na kutia sahihi. Kielelezo kimefungwa kwa skrubu zake. Shahidi ameomba uzi uachwe ulipokuwa. Umeachwa.