Gari na Mwenye Kulijua

Goma, Mabanga, Jumanne

Mama mpenzi,

Nakusalimia wewe, na kwa mkono wako namsalimia Koko, mzazi wako. Uvimbe wa miguu yake umepungua? Na wewe, kifua chako kimezoea baridi ya Butembo? Sisi huku tunapumua. Bénita wangu ameota meno ya mbele na sasa anacheka bila kufunga mdomo, ili kila mtu ayaone. Papa anakula. Dawa zake za presha bado zipo. Tante Sylvie wa Murara anakusalimia. Ameanza tena kuuza makala.

Barua hii inaletwa na Mama Daniella, yule wa vitenge. Anapita Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Sikutaka kuandika kwa simu, kwa sababu barabarani simu zinafunguliwa na watu wanasoma mpaka ujumbe wa zamani. Ukimaliza kuisoma, itie motoni. Usimsomee Koko.

Nianze na kamionete, ile pikapu ya Papa.

Ulipoondoka kwenda kumuuguza Koko, kabla vita havijaifunga barabara nyuma yako, ile Peugeot 404 ilikuwa juu ya mawe nyuma ya jikoni, na kuku walikuwa wakitagia juu ya kiti. Ulikuwa unamwambia Papa kwamba ana banda la kuku lenye usukani. Mvua zilipoanza aliwatoa kuku. Alisema barabara iliyofungwa itafunguliwa siku moja, na siku hiyo yeye hatamwombea mke wake nafasi katika basi la mtu; atakuja kukuchukua mwenyewe. Nilidhani ni maneno. Kesho yake nilimkuta amelala chini ya gari na bisibisi mkononi.

Tumeitengeneza sisi wawili. Macho yake hayaoni tena skrubu ndogo, kwa hiyo mikono ilikuwa yangu. Yeye alikaa juu ya bidoni ya maji akanieleza, na mimi nilifungua. Tulitoa kichwa cha injini, tukakwangua masizi kwa kisu cha jikoni, tukakata gasketi mpya kwa mkasi wangu wa kushonea, na huo mkasi sasa haukati hata uzi. Sakafu ya gari ilikuwa imeoza. Havugimana wa Ndosho aliichomelea kwa bati la pipa. Rangi ilitoka kwenye ndoo iliyobaki walipopaka milango ya kanisa, ndiyo maana kamionete ya mumeo ni ya bluu ya Bikira Maria.

Unajua madereva wa mji huu. Kila mmoja anaficha kitu ndani ya gari lake ili mwizi asiondoke nalo. Papa aliweka vitu vitatu. Bomba la mafuta linafungwa kwa koki ndogo iliyo chini ya kiti, na juu yake ametandika kipande cha mkeka. Umeme wa injini unapita kwenye suichi iliyofichwa nyuma ya sahani ya majivu ya sigara. Na ile waya ya kuzibia hewa asubuhi, injini ikiwa baridi, aliikata kwa makusudi. Kwa hiyo mmoja anakaa kwenye usukani, na mwingine anafungua kapo, kifuniko cha injini, mbele na kufunika mdomo wa kabureta kwa kiganja, anauachia kidogo, anaufunika tena, mpaka injini ikubali. Ukikosea inakutemea moto mkononi. Kiganja hicho kilikuwa changu.

Papa alijivuna sana. Alimwambia Havugimana, "Mwizi ataiba vyuma tu. Bibi ya mutu haitikake kama haujue jina ya kumuita," yaani mke wa mtu haitiki kwa mgeni. Havugimana akamjibu kwamba kwa hesabu hiyo hata muzee mwenyewe hawezi kuondoka nayo peke yake. Papa akasema, "Ndiyo maana nilizaa." Walicheka mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta.

Mimi sikucheka, Mama. Siku injini iliponguruma kwa mara ya kwanza nilifurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha nikatazama mlango wa parseli, wa ua wetu. Gari linalotembea katika mji huu linaitwa na wenye bunduki. Unamkumbuka Ntirenganya wa avenue ya nyuma, mwenye Fuso? Walipokuja kuichukua aliwaambia klachi yake inamtii yeye peke yake. Alidhani wataiacha. Walimwambia apande. Fuso imeonekana tena mara nyingi. Yeye hajaonekana. Mke wake akienda kuuliza anaambiwa aende nyumbani akapike.

Nilimkumbusha Papa jambo hilo. Nilimwomba tutoe magurudumu, tuirudishe juu ya mawe, hata tuwarudishe kuku. Alisema hawezi kuificha kamionete kama mtu aliyeiba. Jumapili, baada ya misa, aliiendesha mpaka mwisho wa avenue na kurudi, amevaa koti lake la harusi. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba Muzee Josias amerudisha mwaka 1980. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikihesabu nani anatazama na nani anapiga simu.

Walikuja katikati ya juma, baada ya chakula cha mchana. Walikuwa wanne, wenye bunduki watatu na mmoja mwenye jaketi la kiraia, ambaye wenzake walimwita Afande. Huyo hakupaza sauti hata mara moja. Alimsalimia Papa vizuri, akakubali kiti, akauliza kama huyo mtoto ni mjukuu. Bénita alimwonyesha meno yake, akayasifu. Kisha akasema kazi ya usalama inahitaji magari, yatarudishwa, na akaomba ufunguo.

Papa alimpa. Nilimwona anavyoutoa mfukoni, polepole, na nikaelewa kwamba anazitegemea siri zake. Dereva wao alijaribu. Haikuitika. Alijaribu tena, akashuka, akapiga teke gurudumu, akasema, "Afande, hii ni kopo ya nyanya." Wengine wakacheka. Papa naye alicheka, akasema ni kweli, iliwaka Jumapili kwa huruma ya Mungu na ikafa.

Afande hakucheka. Aliinuka, akaenda kuweka mkono wake juu ya kapo, akauacha hapo. Kabla ya kula tulikuwa tumeiwasha ili betri isilale. Chuma kilikuwa bado na joto. Alisimama hivyo, mkono juu ya kapo, akimtazama Papa. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la vyombo. Nililiweka chini.

Alisema, "Muzee, kesho asubuhi tunarudi. Gari na mwenye kulijua vitaenda pamoja." Akashukuru kwa kiti.

Papa alifunga mfuko: sweta, dawa, rozari, sabuni nusu. Nilimwambia akimbilie kwa Tante Sylvie. Alisema wakikuta hayupo watanichukua mimi au watachoma nyumba, na kwamba mtu wa umri wake hawamwui, wanamchosha tu. Aliniambia nisikuandikie mpaka arudi. Kisha akanionya kwamba nisiguse kamionete. Siri zile, alisema, ndizo zinamlinda: watu hawa hawawezi kumtupa mtu wanayemhitaji. Aliliamini jambo hilo, Mama. Mimi nilikuwa nikimfikiria Ntirenganya.

Asubuhi alikwenda misa ya kwanza, kama kila siku. Walikuja yeye akiwa bado kanisani. Aliporudi alikuta mawe manne, doa la mafuta na mimi. Nilimwambia fundi wao amezitafuta siri zake mpaka akazipata. Akauliza, hata koki? Nikasema hata koki. Akauliza tena, na suichi? Nikasema ndiyo. Alikaa juu ya bidoni yake. Alisema basi ulinzi wake ulikuwa wa kitoto, kwamba miaka yote hii alikuwa akijidanganya, na mfuko wake akaufungua kitu kimoja kimoja na kukirudisha mahali pake. Tangu siku hiyo hazungumzi juu ya injini na mtu. Havugimana akija, anajifanya amelala.

Sasa nitakuambia yaliyotokea, na wewe uwe wa kwanza kuyajua.

Hakukuwa na fundi. Alikuja Afande yule yule na dereva yule yule. Niliwangoja nje, kwenye mlango, na kabla hawajauliza muzee yuko wapi nilisema kwamba gari halimjui yeye peke yake, mtu anaweza kufundishwa, na kwamba nitamfundisha dereva wao hapo hapo kama wataondoka bila baba yangu. Afande alisema, "Fundisha." Niliinua mkeka, nikafungua koki. Nilitoa sahani ya majivu. Nilifungua kapo, nikaweka kiganja changu juu ya kabureta na kumwonyesha dereva ni wakati gani wa kuachia. Injini ilikubali mara moja. Haijawahi kukubali upesi hivyo. Nilimwambia dereva aje afanye yeye. Ikamtemea moto, akaruka nyuma akitukana, na wenzake wakamcheka.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Afande hakuwa akilitazama gari tena. Alikuwa akitazama mkono wangu. Aliuliza, "Mama, ni wewe uliitengeneza?" Nilifunga kapo. Aliuliza jina langu na namba yangu ya simu. Nilitaja namba ya kweli. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, lakini aliipiga palepale, na simu ikalia katika mfuko wa aproni yangu. Wakaondoka.

Tangu siku hiyo nasikiliza. Watu wanasema wameiona kwenye njia ya Sake, imebeba mifuko na juu ya mifuko askari. Kila nikisikia hivyo moyo wangu unatulia: bado inatembea, hawanihitaji. Lakini jioni tukisali rozari, Papa anaongeza nia yake kwa sauti. Anaomba kamionete ife. Anaomba Mungu aivunje njiani, iwaangushe, isiwaletee faida yoyote. Kisha ananingoja mimi na Bénita tuitikie. Nimeitikia amina kila jioni, na kila jioni nimeshindwa kumwambia anamwombea nani mabaya hayo.

Jana Afande alinipigia. Sauti yake ni ile ile. Alinisalimia, akauliza habari za mtoto mwenye meno, akasema kamionete imesimama mbele ya Sake na dereva ameshindwa. Hakusema imeharibika nini. Kesho asubuhi atatuma moto, pikipiki, kunichukua, nije na vyombo vyangu vya ufundi. Nilimwuliza nitarudi lini. Alisema, "Ikipona."

Ni gari la zamani, Mama. Ukiponya hapa, linaugua pale. Unajua hivyo kuliko mimi.

Sitakimbia. Nikikimbia watamchukua yeye, na yeye haoni skrubu. Bénita nimempeleka kwa Tante Sylvie, nimesema ni kwa juma hili. Papa nimemwambia naenda Gisenyi kutafuta vitambaa. Hakuna mwingine anayejua niko wapi isipokuwa wewe, na wewe utajua Mama Daniella akifika. Naogopa sana. Naandika polepole ili mwandiko usomeke.

Nikirudi, nitakujulisha kwa njia hii hii, na neno hili libaki kati yetu. Nisiporudi, mtafutie Papa mtu wa kumpelekea ujumbe, amwambie siri zake zilikuwa nzuri. Hakuna aliyezigundua. Ni mimi nilizitoa.

Mpe Koko mkono kwa niaba yangu. Wasalimie wote wa nyumba hiyo, na kwenye misa ya Jumapili unitaje kwa jina.

Mtoto wako,
Olive Kahambu